Dhahabu ya Kilwa Mkononi mwa Sonara

Aliyeuza samaki Kilwa Kisiwani miaka mia saba iliyopita alirudi nyumbani na vina kibindoni. Sarafu za shaba za masultani wa kisiwa kile zilichapwa maandishi ya Kiarabu pande zote mbili: upande huu jina la mtawala, upande wa pili sifa ya Mola, na mwisho wa jina ukapatana kwa sauti na mwisho wa sifa. Wapenzi wa ushairi tunaozozana kuhusu urari wa vina tungefaa kuzitazama sarafu hizo kwa heshima.

Za dhahabu ni haba mno. Mwaka 1991 Helen Brown alichapisha maelezo ya sarafu tatu tu, za al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyejenga Husuni Kubwa na kumpokea Ibn Battuta mwaka 1331. Haba, ilhali dhahabu ya Sofala ilipitia bandari ile ile! Nyingi ilisafiri kibiashara, kwa ridhaa ya wenyewe. Lakini lipo fungu moja ambalo njia yake twaijua hatua kwa hatua.

Julai 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga. Akamtaka Amiri Ibrahim akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa dhahabu, la sivyo mji uteketezwe. Amiri akalipa. Mwaka 1503 dhahabu ikafika Lisbon, na Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi. Kilikamilika mwaka 1506: mitume 12 wamepiga magoti, rangi zimeng'arishwa juu ya dhahabu. Ni kazi ya ajabu, sitaki kuficha hilo. Sonara wake aliitwa Gil Vicente, na wapo wanahistoria wanaoamini kuwa ndiye yule yule Gil Vicente mshairi, baba wa tamthilia ya Kireno, ambaye mchezo wake wa kwanza ulionyeshwa mwaka huo huo wa 1502.

Kitakoni mwa chombo pamechorwa maneno yanayosema kwamba mfalme aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Si zawadi wala bidhaa: neno walilolichagua ni lile la malipo ya mtawala aliyenyenyekezwa kwa aliyemnyenyekeza. Mwizi wa kawaida hufuta alama. Huyu alizichonga, akaona fahari.

Kabla sonara hajamaliza kazi, tarehe 24 Julai 1505, Francisco de Almeida aliuvamia mji wenyewe. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika msafara huo, ameacha maelezo ya nyumba zilivyoporwa. Wareno wakajenga ngome, wakaihama baada ya miaka michache. Jengo lisimamalo leo mahali pale, ambalo sehemu yake kubwa ni ya zama za Waomani, huitwa Gereza, neno ambalo wanaisimu wengi hulirejesha kwenye *igreja*, yaani kanisa kwa Kireno. Sijui kejeli nyingine ya kamusi iliyo kali kama hiyo.

Mkilwa mmoja aliyezaliwa mwaka 1499, mtoto wa miaka sita siku ya uporaji, ndiye aliyekuja kuandika tarikh ya mji wake kwa Kiarabu. Aliahidi sura kumi. Nakala tuliyo nayo, iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877 na sasa imo London, hukatika katika sura ya saba.

Monstransi imo Lisbon, katika Museu Nacional de Arte Antiga. Wapo wanaotaka irudishwe. Mimi nasitasita, kwa kuwa kilichochukuliwa hakipo tena katika umbo lake, na kukiyeyusha upya kungekuwa kosa la pili. Ninachokidai ni kidogo, na hakihitaji idhini ya Lisbon: picha ya kile kitako, pamoja na tafsiri ya maneno yake kwa Kiswahili sanifu, ibandikwe Kilwa Masoko, pale wageni na wanafunzi wanapongojea mashua ya kuvukia kisiwani.