KITABU CHA ZABURI NA MAJINA YA WAFU WETU



Katika kurasa zingine za kitabu hiki cha jubilei mtasoma juu ya kujengwa kwa kanisa letu, juu ya mapadri, masista na wakatekista waliotutangulia. Sisi tumeombwa kuandika juu ya historia ya sala. Tumechagua kitabu kimoja tu, kitabu cha Zaburi, na namna wakristu wa zamani walivyokitunza nyumbani mwao. Maana ndani ya vitabu vile mna kazi moja ambayo sisi bado hatujaifanya, na jubilei ni wakati mwema wa kuianza.

1. Kitabu cha sala na cha masomo

Zaburi ni 150. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliwaagiza wamonaki wake waziimbe zote katika juma moja. Sisi tuliopita katika seminari ndogo tulionja kidogo desturi hiyo: asubuhi na jioni, upande mmoja wa kanisa ukiimba, upande wa pili ukijibu. Lakini Zaburi hazikubaki mali ya wamonaki. Katika karne ya 12 na ya 13 walei wengi wa Ulaya waliokuwa na uwezo walitaka kuwa na kitabu chao wenyewe. Kwa kitabu hicho walisali, na kwa kitabu hicho watoto wao walijifunza kusoma. Mjini Leiden, katika Uholanzi, kunatunzwa kitabu cha Zaburi chenye maandishi yanayosema kwamba Mtakatifu Ludoviko, mfalme wa Ufaransa, alijifunza ndani yake alipokuwa mtoto.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu. Katika Ethiopia, nchi iliyopokea Injili tangu karne ya 4, Zaburi ziliandikwa kwa lugha ya Kigeezi, juu ya ngozi za mbuzi na kondoo, kwa wino mweusi na mwekundu. Kitabu hicho huitwa kwa jina la Daudi mwenyewe. Ndani yake, nyuma ya Zaburi, mna nyimbo za manabii, Wimbo Ulio Bora, na sifa za Bikira Maria zilizogawanywa kwa siku saba za juma. Mara nyingi mwanzoni huchorwa picha ya mfalme Daudi akipiga kinubi. Mwenyewe hukitia katika mfuko wa ngozi na kukichukua safarini. Mtoto wa shule ya kanisa husoma humo, na mtu akifa, Zaburi husomwa juu yake. Basi katika bara letu pia, kitabu kimoja kimemsindikiza mkristu tangu utoto hata kaburini.

2. Kitabu cha mfalme

Tuangalie sasa kitabu kimoja kwa karibu. Mfalme Ludoviko wa 9, aliyetawala Ufaransa tangu 1226 na kufariki Tunis mwaka wa 1270, alitengenezewa kitabu cha Zaburi ambacho hata leo kimo katika Maktaba ya Taifa mjini Paris. Mwanzoni mna picha 78, kila moja imejaza ukurasa mzima, nazo zimepambwa kwa dhahabu. Zinaonyesha historia ya Agano la Kale, tangu sadaka ya Kaini na Abeli hata Sauli anapofanywa mfalme. Kisha inafuata kalenda ya mwaka, na nyuma yake Zaburi zenyewe.

Katika vitabu vya Zaburi vya Paris vya nyakati zile, Zaburi nane huanza kwa herufi kubwa iliyochorwa picha ndani yake. Sababu ni ya sala: saba kati yao ndizo zilizofungua sala ya usiku ya kila siku ya juma, na ya nane, yaani ya 109 kwa hesabu ya Kilatini, ilifungua masifu ya jioni ya Dominika. Katika herufi ya kwanza Daudi anapiga kinubi. Katika Zaburi ya 26 anaonyesha macho yake kwa kidole, maana Bwana ni nuru. Katika ya 38 anaonyesha kinywa chake, kwa kuwa Zaburi hiyo inasema juu ya kuchunga ulimi. Katika ya 68 yumo ndani ya maji, anamlilia Mungu. Hivi hata mtoto asiyejua bado kusoma aliweza kutambua siku na sala yake.

Lakini jambo lililotugusa zaidi limo katika kalenda. Kati ya sikukuu za watakatifu ziliandikwa siku za kufa za watu wa jamaa ya mfalme: babu yake Filipo, baba yake Ludoviko wa 8, ndugu yake Roberto aliyeuawa vitani katika Misri mwaka wa 1250, na mama yake Blanka aliyekufa mwaka wa 1252, wakati mfalme mwenyewe alikuwa mbali ng'ambo ya bahari. Hakuwapo kumzika mama yake. Lakini kila mwaka, alipofungua kalenda mwezi wa 11, jina la mama lilimngoja pale, naye akajua siku ile amwombee nani.

3. Zaburi ya wazee wetu

Wazee wetu hawakuwa na kitabu cha dhahabu. Mapadri wa Asomptio walipokuja kwetu mwaka wa 1929, wengi wa wakatekumeni hawakujua kusoma. Katekista alitamka, nao wakarudilia mpaka maneno yakakaa moyoni. Kisha walipewa rozari. Na rozari ni nini? Tangu zamani iliitwa Zaburi ya Bikira Maria, kwa kuwa Salamu Maria 150 zilishika nafasi ya Zaburi 150 kwa watu wasiosoma. Mwaka wa 2002 Papa Yoane Paulo wa 2 aliongeza mafumbo ya mwanga, hesabu ikazidi. Lakini mzizi ni uleule. Kwa hiyo bibi aliyehesabu shanga zake karibu na moto, huku watoto wakisinzia, alikuwa anasali pamoja na mfalme na wamonaki. Kwa sala na kwa mafundisho hatukukosa urithi.

Tulichokosa ni kalenda ya wafu wetu. Tulipokuwa tukitayarisha kurasa hizi, tuliuliza siku za kufa za wakatekista wa kwanza wa parokia. Majina tulipewa upesi. Siku, karibu hakuna aliyezikumbuka. Kosa ni letu sote.

Na tangu hapo wafu wetu wamezidi. Tangu mwezi wa 10 wa 2014 watu wa eneo la Beni wameuawa katika mashamba na vijiji vyao. Wengi walizikwa kwa haraka, na jamaa zao wakakimbia. Tangu mwezi wa 8 wa 2018 hata mwezi wa 6 wa 2020, ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2.200 katika Kivu ya Kaskazini na jimbo jirani la Ituri. Tulisimama mbali tukiangalia wengine wakiwazika wapendwa wetu, wala hatukuweza kufanya kilio kama desturi yetu inavyotaka. Kama Ludoviko, hatukuwapo.

4. Tufanye nini?

Tunaomba kila shirika la parokia linunue kaye moja nzuri na kuigawa kwa miezi 12. Kila jamaa ilete majina ya wafu wake, yaandikwe penye siku yao. Asiyejulikana siku yake, aandikwe tarehe 2 Novemba, Kanisa linapowaombea marehemu wote. Waliotekwa, ambao jamaa zao zingali zinawangoja, wasiwekwe kati ya wafu: wapewe ukurasa wao peke yao, pamoja na siku waliyochukuliwa. Hapo tutaandika 19 Oktoba 2012, siku walipotekwa kule Mbau Padri Jean-Pierre Ndulani, Padri Edmond Kisughu na Padri Anselme Wasukundi. Jioni ya kila siku, kisha rozari, majina ya siku ile yasomwe kwa sauti.

Kaye haina dhahabu, na wino wa biki si wino wa mfalme. Lakini Mungu anayezisikia Zaburi ndiye anayeyajua majina. Sisi tunapashwa kuyaandika, ili watakaofanya jubilei nyuma yetu wasiulize siku zetu na kukosa wa kuwajibu.