Namba Iliyokuwa Idaho

Mwaka 1989, katika jiji la Vancouver nchini Kanada, kijana Brian Scudamore alikuwa kwenye foleni ya magari akisubiri chakula katika mgahawa wa McDonald's. Mbele yake ilisimama pikapu kuukuu iliyoandikwa ubavuni kwamba inabeba taka. Yeye wakati huo alikuwa akihangaika na karo ya chuo. Haukupita muda akanunua pikapu yake kwa dola 700, akaanza kuzoa makorokoro majumbani: makochi yaliyochanika, friji mbovu, magodoro. Alikuwa peke yake, lakini biashara akaiita The Rubbish Boys, Vijana wa Taka, ili ionekane kampuni.

Karo ilipatikana, ila chuo hakukimaliza. Alimwendea baba yake, daktari bingwa wa upasuaji, akamwambia anaacha masomo awe mzoa taka. Mzee hakufurahi, na ni mzazi gani angefurahi?

Kufikia 1994 alikuwa na wafanyakazi 11, na mauzo yalikaribia nusu milioni ya dola kwa mwaka. Hapo akafanya jambo ambalo wengi wangeliita wazimu: aliwaita wote asubuhi moja, akawaachisha kazi. Hakuwatupia lawama. Aliwaambia kosa ni lake, kwamba hakuwachagua vizuri wala hakuwaongoza inavyopasa. Kisha akarudi kwenye usukani mwenyewe. Namheshimu kwa hilo. Mzoa taka huingia hadi chumbani kwa mtu, hupita kando ya kitanda na picha za marehemu, na mwenye nyumba hujua tangu mlangoni kama aliyemfungulia ni mtu wa adabu. Safari hii Scudamore aliajiri kwa kuangalia tabia kwanza. Mteja alionyesha kidole tu, vijana wenye sare wakabeba, na bei ikafuata nafasi ambayo mzigo umechukua ndani ya lori.

Mwaka 1997, akiwa kwenye nyumba ya mapumziko ya wazazi wake katika kisiwa cha Bowen, aliandika kwenye karatasi ndoto yake: kufikia mwisho wa 2003, kampuni iwe kwenye majiji 30 makubwa ya Amerika Kaskazini.

Ndoto hiyo ilihitaji namba moja ya simu kwa bara zima. Huko vitufe vingi vya simu hubeba herufi, hivyo mtu anaweza kubonyeza neno badala ya tarakimu: G iko kwenye 4, O kwenye 6, T kwenye 8. Scudamore aliitaka namba iliyosomeka GOT JUNK, yaani una makorokoro? Ilikuwa mikononi mwa Idara ya Uchukuzi ya jimbo la Idaho, Marekani. Alipiga simu, akapiga tena, hadi wakamwachia. Mwaka 1998 namba ikawa jina la kampuni: 1-800-GOT-JUNK?

Mwaka uliofuata faranchaizi ya kwanza ilianza Toronto. Mwenye tawi alikuwa na malori yake na vijana wake, akalipia haki ya kutumia jina. Simu hazikupokelewa kwake. Mtu wa Toronto aliyetaka kuondolewa kabati aliongea na mpokeaji aliyekaa Vancouver, zaidi ya kilomita 3,000 mbali, akapangiwa saa, na lori likatokea mtaani kwake. Kwa mtindo huohuo matawi yaliongezeka jiji baada ya jiji, na kabla mwaka 2003 haujaisha yale majiji 30 ya kwenye karatasi ya Bowen yalikuwa yametimia.