Bweremana: opsyo ya shule na kazi inayongoja kijana

Bweremana, kando ya Ziwa Kivu katika teritware ya Masisi, kijana anayemaliza sekondari anakuta kazi ziko: shamba, uvuvi wa sambaza, soko, taksi-moto ya kwenda Minova ao Sake. Hakuna hata moja inayoomba diploma.

Njia ya shule katika Kongo ni miaka 6 ya msingi, darasa la 7 na la 8, kisha miaka 4 ya humanite na mtihani wa serikali, uliowekwa tangu 1967. Kisha darasa la 8 njo mambo mengi yanaamuliwa, maana hapo mtoto anachagua opsyo. Katika mashule ya vijijini wengi wanaingia pedagojia ao sosiali. Juu ya nini? Pedagojia inaomba mwalimu, ubao na chaki. Mekanika, umeme ao ushonaji vinaomba atelie na mashini, na feza za kuvinunua hazipo. Basi mtoto anasoma opsyo iliyo karibu na nyumba, hata kama moyo wake uko kwa injini.

Mwenye pedagojia anaruhusiwa kufundisha shule ya msingi. Na kweli, tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ya serikali ilipoanza kuwa bure (Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kuiahidi), wanafunzi waliongezeka sana. Ila kufundisha na kulipwa ni mambo mawili. Mwalimu mpya anaweza kubaki NU kwa miaka, maana yake hayuko bado kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Zamani wazazi njo walikuwa wanamlipa. Katika shule ya msingi mlango huo ulifungwa.

INPP, iliyoundwa 1964, inafundisha ufundi kwa muda mfupi, lakini iko Goma. Kunahitajika nauli, mahali pa kulala na barabara salama, na vita imefanya hesabu hiyo kuwa nzito. Wengine wanajifunza kwa fundi wa karibu: kushona, mbao, pikipiki. Wanapata ujuzi, hawapati karatasi.

Mzazi, mbele ya kulipa humanite ya ufundi, uliza shule kama atelie iko, na uombe kuingia ndani uione. Mwanafunzi wa mekanika ambaye miaka 4 hakugusa injini atakuja kuanza upya kwa fundi wa pembeni ya barabara, pamoja na yule aliyeachia darasa la 8.