Mafuta Kwenye Maji ya Kunywa: Chora Ramani ya Vyanzo Vyenu Mapema

Mama akija kliniki na mtoto anayeumwa tumbo, tunamuuliza anachota maji wapi. Katika vijiji vingi vya Dodoma jibu ni kisima kimoja, au shimo lililofukuliwa kwenye mchanga wa korongo wakati wa kiangazi. Mafuta yakiingia hapo, familia haina pengine pa karibu pa kuchota.

Kwa nini tuzungumzie mafuta huku kwetu?

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki (EACOP) lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Njia yake inapita mikoa 8 ya Tanzania. Kwa Dodoma inapita wilaya za Kondoa na Chemba, kisha inaingia Kiteto, wanakoishi Waakie, jamii ya asili inayotegemea asali, mizizi na wanyama wa porini. Wanaokunywa maji ya kijito au dimbwi moja kwa moja ndio wanaoumia kwanza yakichafuka.

Kuishi karibu na bomba si kusema maji yenu ni machafu. Mafuta huweza pia kutoka gereji, kituo cha mafuta, jenereta ya kisima, au dumu la dizeli lililogeuzwa la maji.

Mfano wa hatari tunaupata Ogoni, Nigeria. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitangaza kwamba visima vya Nisisioken Ogale vilikuwa na benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Watu walikuwa wakiyanywa maji hayo.

Madhara kwa afya

- Kwa muda mfupi: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, kuumwa kichwa, kizunguzungu, ngozi kuwasha.
- Kwa muda mrefu: benzini huharibu uboho, sehemu ya mfupa inayotengeneza damu. Huweza kuleta upungufu wa damu na saratani ya damu.
- Mtoto hunywa maji mengi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo hupata sumu zaidi. Mjamzito naye alindwe.

Utajuaje?

Harufu ya petroli au dizeli, au utando wenye rangi kama upinde wa mvua juu ya maji. Gusa utando kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama kioo, mara nyingi ni vijidudu vya maji yenye chuma. Ukijirudi na kuungana tena, yaelekea ni mafuta. Lakini maji yasiyo na harufu wala rangi bado yanaweza kuwa na sumu. Maabara ndiyo hutoa jibu la uhakika.

Kuchemsha hakusaidii

Kuchemsha na dawa ya klorini huua vijidudu, haviondoi mafuta. Ukichemsha maji yenye mafuta, mvuke wake unabaki jikoni na mnauvuta. Kuchuja kwa kitambaa pia hakutoshi.

Chorani ramani ya maji

Kaeni akina mama, wazee na mtoa huduma ya afya ngazi ya jamii. Kwenye karatasi kubwa wekeni:

1. Kila kisima, korongo, lambo na bomba la maji.
2. Mshale wa upande maji yanakotiririka mvua ikinyesha.
3. Gereji, vituo vya mafuta, na alama za bomba la mafuta kama lipo.
4. Tarehe, na maji yalivyo siku hiyo: rangi, harufu, ladha.

Rudieni masika na kiangazi, na piga picha kwa simu. Bila kumbukumbu ya maji yalivyokuwa zamani, ni vigumu kuonyesha kilichobadilika.

Ukiona dalili

- Acha kunywa, kupikia na kumwogeshea mtoto maji hayo. Tunajua kutafuta mengine ni safari ndefu. Maji safi machache yaanze kwa watoto na wajawazito.
- Usiwashe moto wala sigara karibu na chanzo.
- Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, RUWASA wilaya na Bodi ya Maji ya Bonde. Omba maji yapimwe mafuta, si vijidudu peke yake.
- Mtoto akimeza petroli, dizeli au mafuta ya taa, usimtapishe. Yakiingia kwenye mapafu ni hatari zaidi. Mkimbize kituo cha afya.