Jaa Likijaa: Tarehe Fupi ya Taka, kutoka Unguja hadi Moshono

Kwetu visiwani, mahali pa kutupia taka huitwa jaa. Bara neno lililoshika ni dampo, na baina ya hayo mawili lipo jalala. Mwenye kutunga mashairi hawezi kuliacha neno jaa likapita hivi hivi, kwani ni jina na ni kitenzi pia: jaa ni mahali, na kujaa ndiyo ada ya mahali hapo. Swali la makala haya, basi, ni fupi. Jaa likijaa, huhamia kwa nani?

Swali hili lilinijia Moshono, kata iliyo upande wa mashariki wa jiji la Arusha, nilipokuwa mgeni wa sahibu yangu wa zamani. Asubuhi moja nilimtazama mama mwenye nyumba akipanga taka zake. Maganda ya ndizi aliwapa ng'ombe zizini. Samadi ya ng'ombe ilikwenda shinani mwa migomba. Majani makavu yalitandazwa papo hapo kuhifadhi unyevu. Mwisho ukabaki mkononi mwake mfuko mmoja wa vitu visivyoliwa na ng'ombe wala na udongo: chupa za plastiki, karatasi za sabuni, betri za redio, nepi za mjukuu.

"Huu ndio wa gari, baba," aliniambia, akautundika kwenye mti wa ua. Gari halikupita siku ile, wala siku ya pili yake.

Katika mashamba ya Waarusha na Wameru, migomba, kahawa na ng'ombe vilikaa pamoja miaka mingi, na kilichotoka kwa kimoja kilikuwa chakula cha kingine. Shamba la namna hiyo halihitaji jaa. Jaa ni mtoto wa mji. Huzaliwa pale watu wanapokuwa wengi, ardhi inapokuwa haba, na chakula kinapoliwa mbali na kilipolimwa.

Sisi wa Unguja tunalijua hilo mapema kuliko wengi. David Livingstone alipofika hapa mwaka 1866 alilifanyia mzaha jina la kisiwa kwa uvundo alioukuta. Ufukwe wenyewe ndio uliokuwa jaa la mji. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kiliingia na kuua watu kwa maelfu. Tabibu James Christie, aliyekuwapo, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo Afrika Mashariki, kikachapishwa mwaka 1876. Sultani Barghash, aliyetawala baada ya hapo, alileta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za nje. Uchafu hupuuzwa mpaka uue, ndipo watawala huchukua hatua.

Arusha ilizaliwa nyuma ya hapo. Wajerumani walijenga boma lao mnamo mwaka 1900, na mji ukakua kulizunguka, kati ya mito ya Themi na Naura. Chini ya Waingereza, kama ilivyokuwa katika miji mingi ya Tanganyika, huduma za usafi zilianzia katika mitaa ya wenye madaraka na wenye maduka, zikafifia kadiri mtu alivyokwenda walikoishi Waafrika. Uhuru uliikuta ramani hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilizivunja halmashauri za miji kwa nia ya kupeleka madaraka mikoani. Nia ilikuwa njema, lakini miji ikabaki bila mwenyewe: magari ya taka yalichakaa na mifereji ikaziba. Mwaka 1977 kipindupindu kikazuka nchini, na mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kuzirudisha mamlaka za miji. Hapo tena msomaji anaiona tarehe ya Unguja ikijirudia baada ya karne moja.

Kisha ikaja kesi ambayo kila mwenye kukaa jirani na jaa anapaswa kuijua. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoshwa na moshi, nzi na harufu ya taka za jiji zima. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda. Halmashauri ya Jiji ilipoomba iongezewe muda wa kuendelea kumwaga taka pale, Jaji Lugakingira alikataa, akikumbusha kuwa Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi na kulindwa uhai wake. Alishangaa kuona mamlaka ya umma ikiiomba mahakama ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Watu wa Tabata waliithibitishia mahakama kuwa yananuka.

Lakini tuitazame hatima ya ushindi huo. Jaa lilihamia Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakashitaki mwaka 1991, wakashinda. Likahamia Vingunguti, likafungwa mwaka 2001. Likaenda Mtoni, likafungwa mwaka 2007. Likaenda Pugu Kinyamwezi. Kila haki iliyopatikana mtaa mmoja ilikuwa mzigo wa mtaa mwingine, na daima mtaa ulio mbali zaidi na wenye sauti ndogo zaidi.

Arusha nayo hupeleka taka zake pembezoni, Muriet, ambako katika muongo wa 2010 lilijengwa dampo la kisasa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Dampo la namna hii hutandikwa chini utando usiopitisha maji, maji machafu hukusanywa mabwawani, na taka hufukiwa kwa udongo zinaposhindiliwa. Ni hatua kubwa, si ya kubezwa. Ila nalo ni jaa, na jaa hujaa.

Moshono yenyewe inaijua desturi ya mji kuchukua na kutupa pembezoni. Kutoka mashimo yake mji umechota moramu ya kujengea, na Aprili 2013 kuta za shimo mojawapo ziliwaporomokea wachimbaji na kuua watu zaidi ya 10. Na kule Kampala, Agosti 2024, mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka baada ya mvua, ukafukia nyumba na kuua zaidi ya watu 30. Mji ukichimba bila kipimo, huua. Ukirundika bila kipimo, huua vilevile.

Sheria tunazo. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamhakikishia kila mkazi wa Bara mazingira safi na salama. Kilichopungua ni kile nilichokiona uani kwa yule mama. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni maganda, majani na mabaki ya chakula. Yakitengwa nyumbani, ni lishe na mbolea. Yakichanganywa na plastiki ndani ya gari moja, huoza, hutoa maji ya sumu, na kulijaza jaa kabla ya wakati wake.

Moshono ya leo viwanja vinakatwa kila mwaka, na shamba lililoweza kumeza maganda ya nyumba moja sasa lina nyumba nne. Ng'ombe wanapungua, mifuko inaongezeka. Maarifa ya yule mama hayajapotea, lakini yamebakiwa na migomba michache, na watoto wake wanajenga pasipo na migomba. Wenye kupanga mji wangefanya vyema kumwuliza kabla hawajatafuta mahali pa jaa lingine, maana yeye tayari amekwisha ifanya nusu ya kazi yao.

Siku niliyoondoka, mfuko ulikuwa bado umetundikwa mtini. Ulikuwa mdogo.