Kongo ikitazamwa kutoka angani: duara la Luizi, makoro ya Nyiragongo na paa la mama mmoja wa Rutshuru



Majuzi mama mmoja aliyekimbia vita kutoka wilaya ya Rutshuru alinijia akiwa na simu ya kijana wake mkononi. Kijana alikuwa amefungua picha za satelaiti kwenye intaneti. Alifuata barabara ya taifa namba 2 kutoka Goma kuelekea kaskazini, akageuka kwenye njia ndogo, akafika kijijini kwao. Pale kwenye kioo paa la bati la nyumba yao lilikuwa liking'aa, na kando yake mwavokado uliopandwa na baba mkwe wake. Mama alifurahi hadi machozi. "Nyumba iko," akaniambia. "Sasa nieleze, mwanangu, je, tunaweza kurudi?"

Nilimuuliza picha hiyo ilipigwa lini. Yeye hakujua, kijana hakujua, na mimi sikujua. Nikamwomba anipe siku chache.

Makala hii inatokana na swali lake. Ni historia fupi ya jinsi nchi yetu ilivyoanza kutazamwa kutoka angani, mambo ya ajabu yaliyoonekana huko, na mambo ambayo picha haiwezi kumwambia mtu hata aikuze namna gani.

Macho ya angani yalianza lini?

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha satelaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1, kazi yake ikiwa kupiga picha za ardhi. Nukta moja ya picha zake ilikuwa na upana wa mita 80 hivi. Msitu ulionekana, ziwa lilionekana, mlima pia, lakini nyumba hapana. Kuanzia 1982 satelaiti nyingine za Landsat zilifikia nukta ya mita 30. Mwaka 1999 satelaiti iitwayo IKONOS ilirushwa na kuanza kupiga picha za kuuzwa, zenye nukta ya mita moja hivi. Hapo ndipo gari na paa la mtu vilianza kuonekana.

Februari 2000 chombo cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada urefu wa milima na kina cha mabonde. Rada hupenya mawingu, na kwetu hilo si jambo dogo: Kongo ina sehemu ambazo mawingu hufunika miezi mingi ya mwaka.

Miaka hiyo picha zilikuwa mikononi mwa wataalamu, majeshi na wenye pesa. Mlango ulifunguliwa Juni 2005, Google Earth ilipotolewa kwa kila mwenye kompyuta na intaneti. Mwaka 2008 picha za Landsat nazo zikaanza kutolewa bure. Tangu 2015 satelaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupiga picha za nukta ya mita 10, na yeyote anaweza kuzitazama. Walimu, wanafunzi na wapenda ramani wakaanza kutembea duniani kwa kidole, na kidole hicho kikakuta mambo.

Duara la Katanga

Twende kwanza Katanga ya Juu, kwenye nyanda za juu za Kundelungu. Ukitazama kutoka angani unaona duara kubwa, kama alama ya chungu kilichobandikwa kwenye udongo laini kisha kikaondolewa. Upana wake ni kilomita 17 hivi. Ukingo wake unainuka mita 300 na zaidi juu ya sehemu ya ndani, na katikati kuna duara jingine dogo. Jina lake ni Luizi.

Duara hilo lilikuwa limetajwa katika maandishi ya kijiolojia tangu 1919. Lakini nani alilichora? Maumbo ya mviringo yana sababu nyingi. Volkano huweza kuyafanya, na miamba ya chini ikijikunja au kuliwa na maji huyafanya pia. Picha za satelaiti na vipimo vya urefu vilizidisha shaka kwamba huenda ni kimondo, yaani jiwe kubwa kutoka angani lililogonga ardhi. Shaka hiyo, hata hivyo, haikuwa ushahidi.

Mwaka 2010 mwanajiolojia Ludovic Ferrière alikwenda mwenyewe kukanyaga mahali hapo. Alikuta mawe yenye mistari inayotawanyika kutoka ncha moja kama manyoya ya ufagio. Mistari ya namna hiyo hutokea mwamba ukipigwa ghafla kwa nguvu kubwa mno. Volkano haiwezi kuifanya. Kisha vipande vya mawe vikatazamwa kwa darubini, na chembe za kwatsi, ile madini ngumu iliyomo kwenye mchanga, zikaonekana zimepasuka ndani kwa mistari myembamba iliyojipanga. Hiyo nayo ni alama ya pigo la kimondo.

Mwaka 2011 Ferrière alitangaza matokeo pamoja na wenzake, wakiwemo Lubala na Kaseti. Luizi likawa shimo la kwanza la kimondo kuthibitishwa katika Afrika ya Kati. Duniani kote mashimo yaliyothibitishwa hayafiki hata 250, na ya Afrika ni 20 hivi. Umri wa Luizi haujulikani sawasawa, ila ni chini ya miaka milioni 575.

Angalia mpangilio wa kazi hiyo. Angani palionekana duara. Jibu lilitoka ardhini, kwenye jiwe lililoshikwa kwa mkono.

Duara ambalo bado ni swali

Kuna mfano wa upande wa pili. Sankuru, sehemu za Wembo-Nyama, katika wilaya ya Katako-Kombe alikozaliwa Patrice Lumumba mwaka 1925, mto Unia unapinda kama mtu anayezunguka kitu asitake kukikanyaga. Mwaka 2010 watafiti wa Italia walieleza kwamba picha za satelaiti zinaonyesha hapo duara la upana wa kilomita 36 hadi 46, na kwamba huenda ni shimo la kimondo. Lilikuwa limejificha chini ya msitu. Miti ilipokatwa, umbo likajitokeza.

Kama ni kweli, Luizi ni mtoto mbele yake. Lakini Wembo-Nyama haijaingia kwenye orodha ya mashimo yaliyothibitishwa, kwa sababu picha peke yake haitoshi kuliingiza. Ni duara lile lile la kuvutia, picha zile zile za angani, lakini moja lina jibu na lingine lingali linangoja mawe yake.

Msitu uliogunduliwa ukiwa na wenyewe

Jambo hili si la Kongo tu. Mwaka 2005 mtafiti Mwingereza Julian Bayliss, aliyekuwa akifanya kazi Malawi, alipekua picha za Google Earth za kaskazini mwa Msumbiji. Aliona doa la kijani kibichi juu ya mlima Mabu. Walipokwenda walikuta msitu mkubwa wa mlimani, hekta 7,000 hivi, na ndani yake vipepeo, vinyonga na nyoka ambao sayansi haikuwa imewaandika bado. Habari ikaenea kwamba msitu umegunduliwa.

Lakini wanavijiji wa Mabu waliujua siku zote. Wakati wa vita vya Msumbiji watu walikimbilia humo kujificha. Msikilizaji wangu uliyewahi kulala msituni na watoto unaelewa: mahali ambapo ramani ya mzungu ilipaacha wazi, mtu mwingine alipajua kila mti wa kujikinga mvua.

Ndimi nyeusi juu ya Goma

Sasa turudi nyumbani. Ukiitazama Goma kutoka angani, kitu cha kwanza kinachoshtua ni zile ndimi zinazoshuka kutoka Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, kuelekea mjini. Mgeni anaweza kudhani ni vivuli vya mawingu. Sisi tunajua ni makoro.

Lava ya 10 Januari 1977 ilishuka kwa kasi kubwa na kuua watu wengi vijijini kaskazini mwa mji. Lava ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaingia ziwani Kivu. Lava ya 22 Mei 2021 ilikata barabara ya taifa namba 2 na kusimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege.

Rangi husaidia kutofautisha umri. Lava mpya ni nyeusi tii. Miaka ikipita huota kuvu na majani madogo, ikageuka kijivu, halafu kijani. Lakini ndani ya mji ujanja huo unashindwa. Juu ya makoro ya 2002 watu wamejenga tena kwa mbao, na kwa mawe ya lava yenyewe. Kutoka angani unaona mtaa kama mtaa mwingine. Kujua kwamba chini ya sebule fulani kuna sebule nyingine iliyozikwa, lazima umuulize mwenyeji. Na wenyeji walioona 1977 wanapungua kila mwaka.

Nukta nyeupe

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Kuanzia 2022, vita viliporudi Rutshuru na baadaye Masisi, pembeni mwa Goma kulijaa kambi: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Kutoka angani mahema ya shitingi yanaonekana kama chumvi iliyomwagwa juu ya makoro. Februari 2025, baada ya M23 kuuteka mji, watu waliondoka kwa wingi na kambi nyingi zikabomolewa. Linganisha picha za kabla na za baada: palipokuwa na nukta nyeupe maelfu, pamebaki ardhi tupu.

Picha hizo ni mashahidi. Atakayesema baadaye kwamba hapakuwa na watu pale ataonyeshwa. Lakini shahidi huyu haoni ndani ya hema. Haoni nani alizaliwa humo, nani alizikwa karibu, wala kila familia ilielekea wapi. Hayo mnayo ninyi, na msipoyasema hayatahifadhiwa na satelaiti yoyote.

Basi tusomeje picha hizi?

Kwanza, tafuta tarehe. Picha tunazofungua kwenye simu mara nyingi zimeungwa vipande vipande: mtaa mmoja wa mwaka huu, kijiji jirani cha miaka mitano iliyopita. Google Earth ina sehemu ya kurudisha picha za miaka ya nyuma. Linganisha mbili au tatu kabla ya kusema neno.

Pili, usiifanye picha kuwa habari ya usalama. Paa linaloonekana halisemi nani analala chini yake, wala kama njia ina mabomu. Uliza mtu aliyepita huko kwa miguu, na uulize zaidi ya mmoja.

Tatu, usisambaze picha yenye alama ya mahali watu walipojificha. Unachokiona wewe, mwenye nia mbaya anakiona pia.

Nne, andika. Picha haina majina. Wewe unayo.

Nilirudi kwa yule mama. Tulitafuta tarehe pamoja na kijana wake, tukaikuta: picha ilikuwa ya kabla ya 2022, kabla hawajakimbia. Paa alilolililia kwa furaha lilikuwa paa la zamani zile. Alinyamaza muda mrefu, na mimi nilijuta kuwa mletaji wa habari hiyo.

Kisha akamwagiza kijana alete daftari. Akaanza kuonyesha kwa kidole kwenye kioo, kijana anachora: hapa mwavokado, hapa miti ya mpaka na jirani, hapa kisima, hapa kaburi la bibi yake, ambalo kwenye picha ni nyasi tu. Wajukuu walisogea, wakaanza kuuliza jina la kila njia. Daftari lilifika ukurasa wa nne nilipoaga.

Swali lake kama wanaweza kurudi, simu haikulijibu, na mimi pia sikuwa na jibu. Ila siku watakaporudi, watoto ambao hawakuwahi kukiona kijiji hicho watajua mpaka uko wapi.