Babu wa Riwaya na Sengu ya Wamatengo

Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed alichapisha Babu Alipofufuka, riwaya ambamo marehemu anarudi duniani kumkabili mjukuu wake K, kigogo aliyewapa kisogo watu wake. Wazo ni tamu, lakini linakata kiu nusu tu. Babu anamjia mjukuu mmoja, anamwonesha maovu, anamkemea. Kwa msomaji aliyekulia milima ya Mbinga, kusini mwa Tanzania, nyumbani kwa Wamatengo, huyo si mzee kamili, kwani mzee bila kikao ni sauti tu.

Mzee wa Kimatengo aliitwa bambo. Jioni wanaume na vijana wa familia yake pana walikusanyika kwake, vyakula vikaletwa kutoka kila nyumba, wakala pamoja. Kikao hicho ndicho sengu. Hapo ndipo ugomvi ulipoamuliwa, kazi za shamba zikapangwa, na kijana mvivu akasikia habari zake kabla tonge halijafika mdomoni.

Mpango huo ulikuwa na sababu. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walipoingia eneo hilo, Wamatengo walibanwa milimani, kwenye miteremko ambako mvua moja kubwa hubeba udongo wote. Jibu lao lilikuwa ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, wanawake huchimba katikati na kuzifunika kwa udongo, shamba zima likabaki limejaa mashimo. Maji hutuama humo badala ya kuporomoka, nyasi huoza na kuwa mbolea, na maharage na mahindi hupokezana. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Inataka wengi, na wengi wanataka mahali pa kukubaliana.

Kahawa ilifika miaka ya 1920, ikaja na fedha ya kila nyumba. Polepole kila mtu akala kwake. Miaka ya 1990 soko huria lilipokuja, mikopo ya pembejeo iliyopitia chama cha ushirika, MBICU, ikayumba, na mkulima akajikuta hana wa kumtegemea, wala ukoo wala ushirika.

Ndipo wakaja watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao wa Japani. Katika mradi wao wa 1999 hadi 2004, kijiji cha Kindimba kilijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto, nguvu kazi ikatoka kwa wanakijiji wenyewe. Kamati ya kuisimamia kazi hiyo ikapewa jina la Sengu.

Wazee wangeweza kucheka: sengu gani isiyo na ugali? Nayo haikuwa ya ukoo tena, bali ya kijiji kizima. Hata hivyo walioketi humo walijua neno hilo linawadai nini: kusikilizana, kisha kwenda kubeba mawe.